Mtawa, kipini cha nywele na bahari iliyoitwa bwawa

Mwalimu wa kwaya katika shule moja ya Tanga ameniandikia hivi: "Kijana wa kujitolea kutoka Japani aliwafundisha wanafunzi wetu wimbo wa kwao, mkoa wa pwani unaoitwa Kochi. Alituambia ndio wimbo wanaojivunia kuliko nyimbo zote. Nilipomwomba tafsiri, akasema ubeti wa kwanza unahusu mtawa aliyeonekana darajani akinunua kipini cha nywele. Basi, umekwisha. Sifa ya mkoa iko wapi hapo? Na je, ni makosa wanafunzi wangu wakiuimba kwa kutia majina ya mahali petu?"

Mwalimu, umekwama pale pale nilipokwama mimi miaka mingi iliyopita. Nilipoanza kuzisoma nyimbo za pwani za Japani nilikuwa na kalamu mkononi, natafuta maneno ya sifa ili niyapigie mstari: nchi tukufu, mandhari ya kupendeza, watu hodari. Kalamu yangu haikupata kazi kubwa. Nilikutana na majina ya madaraja, vilima, vijiji vya wavuvi, na maneno ya lahaja ambayo kamusi yangu haikuwa nayo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba majina yale na lahaja ile ndiyo sifa yenyewe. Mtu wa Kochi hahitaji kuambiwa kwao ni pazuri. Akitajiwa daraja lake kwa lafudhi ya bibi yake, moyo unajaa.

Kwanza nikuonyeshe palivyo. Kochi iko kusini mwa Shikoku, kisiwa kidogo kuliko vyote katika visiwa vinne vikuu vya Japani. Jina lake la kale ni Tosa, na wenyeji mpaka leo wakizungumza kwa mapenzi husema Tosa. Mgongoni kuna milima mizito inayoutenga mkoa na upande wa pili wa kisiwa. Mbele ni Bahari ya Pasifiki, wazi kabisa. Ufuo umejikunja kama upinde, kuanzia rasi ya Muroto mashariki hadi rasi ya Ashizuri magharibi. Katika sheria za kale Tosa ilikuwa miongoni mwa nchi walikopelekwa waliohukumiwa uhamisho wa mbali kabisa. Mshairi Ki no Tsurayuki, aliyekuwa gavana huko, alipomaliza muda wake mwaka 934 alirudi Kyoto kwa chombo cha baharini, na safari hiyo ilimla siku 55. Usiusahau umbali huo. Wimbo ulioulizia ni wa watu walioimbiana wao kwa wao kwa muda mrefu, bila kumngoja mgeni aje awasikilize. Ndiyo maana haueleweki haraka kwa mgeni.

Sasa tuje kwa mtawa. Wimbo wenyewe huitwa Yosakoi-bushi, na ubeti huo kwa Kijapani ni huu: *Tosa no Kōchi no / Harimaya-bashi de / bon-san kanzashi / kau o mita.* Yaani: Kochi ya Tosa, kwenye daraja la Harimaya, nimemwona mtawa ananunua kipini cha nywele.

Watawa wa Kibudha hunyoa kichwa, na enzi hizo hawakuruhusiwa kuoa. Mtu asiye na unywele hata mmoja ananunua kipini cha nani? Msikilizaji wa Kochi hakuhitaji neno zaidi. Hadithi inayosimuliwa ni ya Junshin, mtawa wa hekalu la Chikurinji lililo juu ya kilima cha Godaisan, na Ouma, binti wa fundi wa kuziba masufuria. Mwaka 1855 walitoroka pamoja, wakakamatwa, wakaaibishwa hadharani, kisha kila mmoja akafukuziwa upande wake wasionane tena. Watu wakaufanya mkasa huo kuwa wimbo wa kuimbwa penye vinywaji na shamisen, kile chombo cha nyuzi tatu.

Unaweza kuniuliza, aibu hiyo ya mjini inakuwaje fahari? Nadhani jibu unalijua mwenyewe kama umekulia mtaani. Mgeni anaweza kusifu mji wowote. Kisa cha nani alimpenda nani, na kwenye kona ipi, ni mali ya wenyeji. Anayeuimba ubeti ule anasema: mimi ni wa hapa, ninajua kilichotokea pale darajani. Na daraja lenyewe halijawahi kuwa kubwa. Jina lilitokana na mfanyabiashara Harimaya, aliyekuwa na duka ng'ambo moja ya mfereji, huku mwenzake Hitsuya akiwa ng'ambo ya pili. Wakajenga kidaraja chao binafsi ili wapite kwa urahisi. Leo hapo pana daraja jekundu dogo sana katikati ya magari na reli za tramu, na Wajapani kutoka mikoa mingine wamezoea kulitaja miongoni mwa mahali maarufu panapomvunja moyo anayefika. Mimi sikuvunjika moyo. Wimbo haukusema kwamba daraja ni zuri. Ulisema mtawa alionekana pale, na kweli unasimama pale pale. Mjini huko huuzwa hata keki ndogo zenye jina la kipini kile.

Ukitaka mandhari, nenda kwenye ubeti mwingine, na hapa naomba ukae nami kidogo kwa sababu ndipo ufundi ulipo: *Mimase misemashō / Urado o akete / tsuki no meisho wa / Katsurahama.* Kwa tafsiri ya kawaida: Nitakuonyesha Mimase, nikiifungua Urado, mahali maarufu pa kutazama mwezi ni Katsurahama.

Mimase ni kijiji cha wavuvi. Urado ni hori inayoingia kutoka baharini kuelekea mjini. Katsurahama ni ufuo wa kokoto na mchanga uliokumbatiwa na rasi mbili ndogo zenye misonobari. Lakini sikiliza sauti zake. *Mimase* inafuatwa papo hapo na *misemashō*, "nitakuonyesha", kama kwamba jina la kijiji lenyewe limekuwa kitenzi. Na *Urado*, ukiisikia tu bila kuiona imeandikwa, inaweza kuwa pia "mlango wa nyuma". Basi mwimbaji anakufungulia mlango wa nyuma wa nyumba yake, na ukitupa macho nje unakuta mwezi juu ya bahari. Majina matatu ya ramani yamegeuzwa ukaribisho. Sisi tuliolelewa kwenye mafumbo ya washairi wa pwani hatuna haja ya kufundishwa utamu wa jambo hili.

Kuna na mizani. Beti hizi zina vipande vinne: mizani 7, 7, 7, na cha mwisho 5. Mahali pengine kipande huzidi kwa mzani mmoja, nao huvumilia. Vina hawanavyo kabisa. Kazi ambayo kwetu hufanywa na kina mwishoni mwa mshororo, kwao hufanywa na kile kipande kifupi: sikio limeshazoea saba, ghafla linapewa tano, linasimama. Sasa hesabu: Ka-tsu-ra-ha-ma. Tano kamili. Jina la ufuo limekaa peke yake katika nafasi ya heshima, bila kiunganishi wala kivumishi, kisha kiitikio kinaingia: *yosakoi, yosakoi.* Hiyo ndiyo sifa uliyokuwa ukiitafuta, mwalimu. Imefichwa katika mahali jina lilipowekwa.

Kuhusu neno hilo *yosakoi* kuna simulizi mbili. Moja husema limetokana na "usiku huu njoo", wito wa mpenzi. Nyingine hulirudisha kwenye sauti za wavuta magogo walioijenga ngome ya Kochi baada ya bwana mpya, Yamauchi Kazutoyo, kuingia Tosa mwaka 1601. Katika ukumbi wa wimbo zote mbili hufanya kazi, na wanafunzi wako wanaweza kuliimba kwa roho yoyote kati ya hizo.

Ubeti ninaoupenda mimi kuliko yote ni wa nyangumi. Unaanza kwa lahaja nzito: *iuta chi ikan chi ya*, yaani hata nikikuambia haitasaidia. Kisha: *oranku no ike nya / shio fuku sakana ga / oyogiyoru.* Kwenye bwawa la kwetu huogelea samaki wanaorusha maji ya chumvi.

*Oranku* katika lahaja ya Tosa ni "kwetu". Kijapani cha shule kinahitaji kuzunguka kidogo kulisema. Kiswahili kinalo neno lile lile, lenye joto lile lile. Na hilo "bwawa la kwetu" ni Bahari ya Pasifiki. Ghuba ya Tosa ina nyangumi wa kweli, wengine hukaa humo mwaka mzima, na toka karne ya 17 vijiji vya Muroto na Ashizuri vilikuwa na vikundi vikubwa vya kuwawinda. Siku hizi boti huwachukua wageni kwenda kuwatazama tu. Mkondo wa Kuroshio, maana yake mkondo mweusi, unapita karibu na ufuo ukileta maji ya vuguvugu na samaki wa jamii ya jodari ambao wanaume wa Kochi huwavua kwa fimbo na ndoana, mmoja mmoja, mpaka leo. Watu walioishi na bahari kali namna hiyo, ambayo hata Katsurahama ni marufuku kuoga kwa sababu ya mawimbi, ndio walioiita bwawa. Hapo ndipo majivuno ya Tosa yanapotoka wazi, na yanatoka kwa kuipunguza bahari badala ya kuikuza.

Nisikudanganye kwamba pwani yote ya Japani huimba kwa kuficha. Ukienda kaskazini mashariki, mkoa wa Miyagi, kuna ghuba ya Matsushima yenye visiwa vipatavyo 260, kila kimoja na misonobari yake. Wavuvi wa huko wana wimbo uitwao Saitara-bushi, waliouimba kwa makasia wakirudi na samaki tele, nao unatamka waziwazi kwamba hakuna hekalu kama Zuiganji ya Matsushima. Hekalu hilo lilijengwa upya na bwana Date Masamune na kukamilika mwaka 1609. Lakini hata wimbo huo hauchukui muda kurudi kwenye majina. Ubeti mmoja unakitaja kilima cha Hiyoriyama katika mji jirani wa Ishinomaki. Maana ya jina hilo ni kilima cha kutazamia hali ya hewa, kwani mabaharia walikipanda ili wajue kama siku inafaa kusafiri. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami vilipoipiga pwani ile, maelfu ya watu wa Ishinomaki walipoteza maisha, na wengi waliokoka kwa kukipanda kilima hicho hicho. Nikiusikia ubeti huo sasa siwezi kuuona kama pambo. Jina la kilima lililoimbwa na mababu lilikuwa mahali pa kukimbilia.

Nirudi Kochi, kwa sababu wimbo wako una maisha mengine mawili unayopaswa kuyajua.

Maisha ya kwanza ni ya vita. Askari waliotoka Kochi walipelekwa China, katika kikosi kilichojulikana kwa jina la Nyangumi, na huko wakaimba wimbo wa kuikumbuka Tosa waliyoiacha nyuma. Walikuwa sehemu ya jeshi lililovamia nchi ya watu, na hilo lazima lisemwe wimbo huo unapotajwa. Baada ya vita mtunzi Takemasa Eisaku aliupanga upya, na ndani yake zikaingia beti za Yosakoi-bushi, ikiwamo ya mtawa na ya nyangumi. Mwimbaji Peggy Hayama, mzaliwa wa Tokyo aliyejulikana kwa jazi, aliurekodi mwaka 1959 kwa jina *Nankoku Tosa o ato ni shite*, nikiiacha nyuma Tosa ya kusini. Ukauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Ilikuwa miaka ambayo vijana wa vijijini walimiminika Tokyo na Osaka kutafuta kazi, hivyo wimbo wa mkoa mmoja ukawa wa kila aliyeacha kwao. Ndipo Wajapani wengi walipojua kwamba liko daraja linaloitwa Harimaya.

Maisha ya pili ndiyo aliyokuletea kijana wako. Mwaka 1954 Chama cha Wafanyabiashara cha Kochi kilitaka sherehe ya kiangazi ya kuuinua mji uliochoshwa na vita na kuyapa maduka wateja mwezi wa Agosti. Mkoa jirani wa Tokushima ulikuwa na ngoma yake maarufu ya Awa, inayochezwa mikono mitupu. Takemasa huyo huyo aliombwa atunge wimbo, akaona afadhali wachezaji wa Kochi washike kitu. Akachagua *naruko*: kibao kidogo chenye mpini, mfano wa mwiko, na juu yake vijibao vitatu vinavyogonga ukikitikisa. Wakulima walikitumia kufukuzia ndege kwenye mashamba ya mpunga, na Tosa ilikuwa ikivuna mpunga mara mbili kwa mwaka. Mwaka ule wa kwanza walicheza watu 750 katika vikundi 21. Sasa hufika takriban 18,000, kuanzia tarehe 9 hadi 12 Agosti, kwa muziki wa roki, samba, au chochote mradi masharti mawili yatimizwe: wachezaji washike naruko, wakisonga mbele, na popote ndani ya muziki wao kisikike kipande cha wimbo wa Takemasa, ambao umeubeba ule wa zamani tumboni mwake.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Hokkaido aliiona sherehe hiyo Kochi, akarudi kwao kaskazini, na Juni 1992 yeye na wenzake wakaanzisha yao Sapporo. Naruko waliichukua. Daraja la Harimaya na mtawa wake waliwaachia wenyewe. Mahali pake waliweka Soran-bushi, wimbo wa wavuvi wa heringi wa pwani ya magharibi ya Hokkaido, ulioimbwa wakichota samaki kutoka kwenye wavu mkubwa hadi mashuani kwa nyavu za mkono, enzi ambazo heringi walikuwa wengi hata mwaka 1897 wakavuliwa karibu tani milioni moja. Samaki wale walitoweka miaka ya 1950, wimbo ukabaki. Miji mingine ya Japani ikafuata mfano wa Sapporo, kila mmoja ukitia wimbo wa kwao. Watu wa Kochi hawakuona wameibiwa.

Basi wanafunzi wako hawakosi wakitia majina ya Tanga. Ningekushauri tu msiichanganye kazi. Imbeni kwanza ubeti wa mtawa kwa Kijapani kama alivyowafundisha, kwa adabu ya mgeni anayetaja kwanza jina la mwenyeji wake. Watoto waeleze kisa chake. Wataucheka na hawatausahau. Kisha ingieni kwenu. Kama mafundi seremala wa hapo wanaweza, chongeni vijibao badala ya kutumia kayamba. Kayamba huchakacha kama mvua, na ngoma hii inataka mlio mkavu unaogonga mara moja na kunyamaza.

Katika kutunga, jihadhari na tabia yetu ya kwaya ya kuanza na "Tanga yetu nzuri". Iacheni. Tafuteni majina, muyapime. Mapango ya Amboni ni mizani 7, na Kisiwa cha Toteni nacho ni 7, kana kwamba vilingoja kazi hii. Kipande cha tatu kipeni jambo ambalo watoto wenyewe wameliona huko: chombo kinachorudi na tanga lililopasuka, au babu anayeuza pweza kwa kusimulia alivyompata. Wasiposema wao, usiwasemee. Kwa kipande cha mwisho mnahitaji tano, na kiishe kwa jina la mahali. Tongoni ni mizani 3, imepungua. Tangulizeni neno moja tu, "kule Tongoni", itatimia.